Kipimo cha Mji: Uhakiki wa Mjadala Juu ya Kulinganisha Miji ya Ulimwengu

Swali la iwapo miji ya ulimwengu yaweza kupimwa kwa kipimo kimoja, au kila mji una kipimo chake, limewashughulisha wataalamu wa miji kwa muda mrefu. Hata hivyo, ni tangu mwanzo wa karne hii ndipo lilipogeuka kuwa ugomvi wa wazi. Upande mmoja wako wanaoshikilia kwamba mji ni mji popote ulipo, na kwamba bila ya kanuni moja hapana elimu ya miji. Upande wa pili wako wanaojibu kwamba kanuni hiyo inayoitwa ya wote ilichumwa katika miji michache ya Ulaya na Marekani, kisha ikapelekwa kwingine kama sheria. Mabishano haya yameendeshwa karibu yote kwa Kiingereza, katika majarida ya jiografia na ya mipango ya miji, na yamkini hiyo ndiyo sababu wasomi wa lugha katika Afrika Mashariki hawakuyatilia maanani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba yanawahusu. Ukiondoa takwimu na ramani, kinachogombewa ni maneno: neno la mji upi ndilo linalofanywa kuwa neno la miji yote?

Yafaa kuanza na orodha, kwa maana ndizo zilizowasha moto. Mwaka 1986 John Friedmann alitoa rai yake mashuhuri kuhusu miji ya ulimwengu, akaipanga kwa daraja kulingana na nafasi ya kila mmoja katika uchumi wa kibepari. Mwaka 1991 Saskia Sassen alifuata na kitabu chake juu ya New York, London na Tokyo. Kisha, mwaka 1999, Beaverstock, Smith na Taylor wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walihesabu ofisi za makampuni ya uhasibu, ya matangazo ya biashara, ya benki na ya sheria, wakatoa orodha ya miji 55 katika daraja tatu. Afrika nzima ilipata mji mmoja, Johannesburg, nao ulikuwa katika daraja la tatu. Cairo, Lagos, Kinshasa na Nairobi hazikuwamo. Orodha hiyo haikusema uongo, kwani ilihesabu ofisi na ofisi ndizo ilizozipata. Ubaya wake ni kwamba kilichokuwa hesabu ya ofisi kilisomwa kuwa hesabu ya miji, na mji usiokuwa na wahasibu wa kimataifa ukaonekana kana kwamba haumo ulimwenguni.

Jennifer Robinson, mwanajiografia mwenye asili ya Afrika Kusini, alilishika jambo hilo katika makala yake ya mwaka 2002. Mfano wake mmojawapo ulikuwa Lusaka, mji ambao kwa kipimo cha orodha hauna nafasi, ilhali shaba ingali inasafirishwa kutoka Zambia, na uhusiano wa mji huo na masoko ya nje haujakatika, bali umechukua sura nyingine. Miaka minne baadaye aliikuza hoja hii kuwa kitabu, Ordinary Cities, yaani miji ya kawaida. Istilahi hiyo hakuibuni yeye, kwani Amin na Graham walikwisha kuitumia mwaka 1997, ila yeye ndiye aliyeipa nguvu. Maana yake ni kwamba isiwepo daraja la miji inayozaa nadharia na daraja la miji inayongojea maendeleo. Miji yote na ihesabiwe kuwa sawa mbele ya nadharia.

Hapa mfasiri anakwama, na kukwama kwake kuna faida. Neno "kawaida" lilitoka katika Kiarabu, ambamo asili yake ni msingi au kanuni, na katika Kiswahili halikuiacha asili hiyo. Jambo la kawaida ni lile lililozoeleka, lakini vile vile ni lile lifuatalo utaratibu. Asemaye "hiyo si kawaida" aghalabu hatoi habari, analaumu. Kwa hiyo "miji ya kawaida" yaweza kusikika kuwa miji inayofuata kanuni, na hiyo ni kinyume kabisa cha alichokusudia Robinson, ambaye anasema kwamba hapana mji ulio kanuni. Mtu atauliza kwa nini tusitafute neno jingine. Hilo lawezekana, lakini tatizo linalofichuliwa na neno hili si la Kiswahili peke yake. Kusema kwamba miji yote ni ya kawaida ni kutoa kanuni mpya, na wapinzani wa Robinson hawakuchelewa kuliona hilo.

Kwa upande mwingine, Kiswahili kina neno linalokaribia sana azma yake, nalo ni "mji" lenyewe. Nyumba chache zenye kisima na msikiti ni mji, na Cairo nayo ni mji. "Jiji" si aina nyingine ya kitu, ni mzizi ule ule wa "-ji" uliopewa kiambishi cha ukubwa. Lugha imeweka tofauti ya ukubwa, haikuweka tofauti ya asili. Kilichoongeza tofauti ya hadhi ni serikali. Nairobi ilipewa hati ya jiji mwaka 1950, na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 ilitaka wakazi 500,000 kabla ya mahali kuitwa jiji, idadi ambayo mwaka 2019 ilipunguzwa hadi 250,000. Nakuru ikawa jiji Desemba 2021. Mji haukukua usiku ule, ila neno ndilo lililokua.

Sehemu yenye uzito zaidi katika kitabu cha Robinson ni ile anayowakutanisha wataalamu wa Chicago na wale wa Ukanda wa Shaba wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Mwaka 1938 Louis Wirth, akiwa Chicago, alidai kwamba wingi wa watu, msongamano wao na tofauti zao huzaa namna moja ya maisha: ujamaa hulegea, watu hukutana juu juu, na mila hufa. Wanaanthropolojia wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone, iliyoanzishwa mwaka 1937, waliikuta hali nyingine migodini. Max Gluckman alisisitiza kwamba Mwafrika aliye mgodini atazamwe kwanza kama mchimba migodi na mtu wa mjini. J. Clyde Mitchell naye, katika kijitabu chake cha mwaka 1956 juu ya ngoma ya Kalela, alionyesha kwamba kabila halikufa mjini, bali liligeuzwa kuwa kitu kipya. Robinson anatumia ushahidi huu kumrudi Wirth: mambo ambayo Chicago iliyahesabu kuwa sheria ya mji yalikuwa mambo ya Chicago.

Hoja hiyo ni imara, lakini inasimama kabla ya kufika mahali palipo na utajiri zaidi. Kalela aliyoiona Mitchell huko Luanshya ilichezwa na vijana wa Kibisa waliovaa suruali na mashati safi ya Kizungu. Kikundi kilikuwa na "mfalme" wake, na "daktari" aliyevaa joho jeupe. Nyimbo zao zilisifu nchi ya kwao na kuwakejeli watu wa makabila mengine, nao waliokejeliwa walisimama wakacheka. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa hilo ni nini. Ni utani. Mitchell mwenyewe aliujadili utani wa makabila ili kueleza kwa nini matusi hayo hayakuleta vita, na hapo alionyesha jinsi uhusiano wa zamani baina ya makabila jirani ulivyotanuliwa mjini hadi ukawaingiza watu ambao hawakuwahi kuwa majirani.

Tena Mitchell alitambua kwamba Kalela ilikuwa na mzee wake, ngoma iliyoitwa Mbeni. Ni Terence Ranger aliyeifuata njia ya ngoma hiyo hadi chanzo chake, katika kitabu alichokitoa mwaka 1975, na njia ilimfikisha kwenye mwambao wa Kenya wa miaka ya 1890. Beni ilizaliwa katika mashindano ya mitaa ya miji ya Waswahili. Huko Lamu, kwa mfano, Mkomani na Langoni zilikwisha kushindana kwa ngoma, mashairi na karamu muda mrefu kabla ya tarumbeta kuingia. Vita vya 1914 hadi 1918 viliichukua Beni, kwa miguu ya askari na wapagazi, ikaenea Tanganyika pamoja na vyama vyake vya Marini na Arinoti, ikavuka hadi Nyasaland na migodi ya shaba. Kufikia mwaka 1935, wachimba migodi walipogoma Mufulira, Nkana na Luanshya, na watu sita wakauawa kwa risasi huko Luanshya, tume ya serikali iliyochunguza ghasia hizo ilikihoji chama cha Mbeni kwa kuwa kilishukiwa kuwa kimesambaza habari za mgomo.

Jambo hili lina uzito gani katika mjadala wa kulinganisha miji? Katika kitabu chake cha mwaka 2022, Robinson anapendekeza njia mbili za ulinganishi. Ya kwanza hufuata nasaba ya jambo linalojitokeza katika miji mingi, iangalie lilikotoka na lilivyobadilika njiani. Ya pili huweka miji kando kwa kando ili dhana mpya izaliwe. Beni ni mfano kamili wa njia ya kwanza, lakini unapita alipofikiria Robinson, kwa maana hapa waliofanya ulinganishi hawakuwa wataalamu. Mchezaji wa Dar es Salaam aliyejiita Marini alikuwa anaupima mji wake kwa miji mingine: ni wapi penye sare nzuri zaidi, ni kina nani wenye ustadi, nani wa pwani na nani wa bara. Neno la kazi hiyo lipo, nalo ni "mashindano". Kulinganisha ni kuweka vitu viwili katika usawa ili kuvitazama, na atendaye hivyo yuko nje ya vyote viwili. Ashindanaye yumo ndani na ana cha kupoteza. Pande zote mbili za ugomvi, wa kanuni moja na wa kanuni nyingi, zimekubaliana bila kusema kwamba ulinganishi huanzia mezani kwa msomi. Historia ya Beni yaonyesha kwamba msomi alichelewa kufika.

Jibu lililo kali zaidi kwa Robinson na wenzake lilitoka kwa Allen Scott na Michael Storper mwaka 2015. Kwao, kiini cha mji ni mambo mawili: mkusanyiko wa watu na shughuli za uchumi mahali pamoja, na jinsi ardhi inavyogawanywa na kugombewa kutokana na mkusanyiko huo. Mengine, hata umaskini, yaweza kuwa yamo mjini bila kuwa mambo ya mji. Wapinzani waliokasirishwa na makala hiyo hawakuitendea haki sana. Scott na Storper wana haki kusema kwamba anayekataa kila kipimo hawezi tena kulinganisha, na baadhi ya maandishi ya upande wa pili yamejaa sifa za "tofauti" hadi msomaji hajui ni tofauti na nini. Udhaifu wao uko katika ule mpaka baina ya jambo la mji na jambo lililomo mjini. Kalela ingewekwa upande gani? Ardhi haikugawanywa kwa Kalela, wala kiwanda hakikujengwa kwa ajili yake, lakini bila ya mji isingekuwapo, na bila ya vyama vya namna yake yale yaliyotokea mwaka 1935 ni vigumu kuyaeleza. Kipimo kinachoiacha nje si kipana kama kinavyodai.

Ama kuhusu Brenner na Schmid, wanaodai kwamba umji umeenea dunia nzima, hadi machimbo, misitu na njia za meli, kiasi kwamba mji hauna tena nje yake, inatosha kusema kwamba fikira hiyo ina deni kubwa kwa Henri Lefebvre wa mwaka 1970, na kwamba wachimba shaba wangeielewa upesi kuliko wanavyodhaniwa. Mwanasarufi atashawishika kuleta "mjini hapa", "mjini huku" na "mjini humu", na kudai kwamba Kiswahili kilikwisha kutatua suala la mipaka ya mji kwa viambishi vitatu. Ashawishike kwa kiasi. Sarufi si nadharia.

Pamoja na hayo, kuna mahali ambapo miji ya Afrika ilikwisha kutoa nadharia iliyotawala dunia, na mjadala huu unapapita haraka mno. Mwaka 1971 Keith Hart, aliyekuwa amefanya utafiti mtaani Nima mjini Accra, alitoa hoja kwamba watu walioitwa wasio na kazi walikuwa na kazi nyingi, ila zisizoandikwa popote. Makala yake ilichapishwa mwaka 1973, lakini kabla ya hapo, mwaka 1972, ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliokuja Kenya ulikwisha kuichukua dhana hiyo na kuitia katika ripoti yake, ambamo serikali ilikosolewa kwa kuwasumbua mafundi na wachuuzi badala ya kuwasaidia. Kwa njia ya Accra na Nairobi, wataalamu wa Amerika ya Kusini na wa Bara Hindi, na mwishowe wa Ulaya, walipata neno la kueleza miji yao. Ananya Roy, aliyedai mwaka 2009 kwamba nadharia ya miji ipewe jiografia mpya, anaitegemea sana dhana hiyo. Nadharia ilisafiri, lakini iliondoka ikiwa imevishwa jina la Kiingereza.

Na jina lile halikuwa dogo. Kiswahili sanifu kililifasiri kuwa "sekta isiyo rasmi", na yeyote aitazamaye kwa jicho la sarufi ataona kwamba uzito wote umo katika kikanushi "-si-". Kitu kinatajwa kwa kile kisichokuwa nacho. Wakati huo huo mafundi wa Nairobi walikuwa na jina lao, jua kali, ambalo katika miaka ya 1980 liliingia hata katika lugha ya serikali, na ambalo Kenneth King alilifanya kichwa cha kitabu mwaka 1996. Jina hilo halianzi na sheria, linaanza na mwili wa mfanyakazi na mahali anapofanyia kazi: hana kivuli. Mtafiti anayeanza na "isiyo rasmi" atauliza leseni iko wapi. Anayeanza na "jua kali" atauliza ni nani mwenye paa na alilipataje, na swali hilo, jambo la kushangaza, lingewarudisha Scott na Storper kwenye hoja yao ya ardhi, lakini kwa mlango wa fundi wa Kamukunji.

Isidhaniwe kwamba neno la kienyeji ni safi kwa sababu ni la kienyeji. "Jua kali" nalo limekwisha kuwa tusi kwa kazi ya kulipualipua, na halimfikii mama auzaye chakula usiku. Mfano wa Zanzibar ni mzito zaidi. Upande wa mji uliokaliwa na watu wengi wasio matajiri, ng'ambo ya hori, uliitwa Ng'ambo, na jina hilo lina maana kwa mtu aliyesimama Mji Mkongwe peke yake. Garth Myers, ambaye amezisoma Zanzibar, Nairobi, Lusaka na Lilongwe pamoja, ameonyesha jinsi mipango ya kikoloni, ukiwamo ule wa Lanchester wa mwaka 1923, ilivyoigawa miji kwa mtazamo huo huo. Lakini Waingereza hawakulileta jina. Walilikuta. Kadhalika "uungwana", uliokuwa ndio kipimo cha miji ya mwambao, uliwapima watu kwa kuwatenga watumwa na watu wa bara, na ulipopishana na "ustaarabu" katika karne ya 19, kipimo kilihama kutoka kwa mwungwana wa mji kwenda kwa Mwarabu. Hiyo ilikuwa nadharia ya mji, tena iliyokamilika, na ilikuwa na daraja zake kama zilivyo zile za Loughborough. Hoja ya kwamba nadharia hubeba mgongoni mji ilimozaliwa inaihusu Lamu kama inavyoihusu Chicago, na mhakiki atakayetaka kuitumia dhidi ya Wirth hana budi kukubali kutumiwa dhidi yake.

Kwa sababu hiyo kazi ya idara za lugha haiwezi kuwa kukusanya maneno mazuri ya kujibia Kiingereza. AbdouMaliq Simone, kwa mfano, aliandika mwaka 2004 kuhusu katikati ya Johannesburg kwamba watu wenyewe ndio miundombinu ya mji. Msomaji wa Kiswahili atasema upesi "mtu ni watu" na kuona kwamba hajaambiwa jipya. Ameharakisha. Methali hiyo inawataja jamaa na majirani, ilhali Simone anawataja wageni wanaoshikana kwa siku moja ili mambo yaende, kisha wakaachana. Methali ikiwekwa kando ya dhana, kila moja inaonyesha mahali mwenziwe asipofika, na huo ndio ulinganishi.

Maandishi ya kufanyia kazi hiyo yapo. Mwaka 1965, katika mji wa shaba wa Elisabethville, ambao baadaye uliitwa Lubumbashi, André Yav aliandika kwa ajili ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani matini aliyoiita kwa Kifaransa msamiati wa mji huo. Jina ni la msamiati, lakini yaliyomo ni historia: jinsi mji ulivyoanzishwa, nani aliletwa kuutumikia, na kwa masharti gani. Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Maendelezo ya mwandishi hayakufuata kanuni za shule, na ili yasomeke ilibidi yasomwe kwa sauti na mzungumzaji wa Kiswahili cha huko. Tangu hapo matini hiyo imejulikana zaidi kwa wanaanthropolojia. Ni Kiswahili cha shaba, ambacho mwalimu wa Mombasa au Nairobi angekitia wino mwekundu kila mstari. Rafu inayoifaa ni ile yenye tarehe za Kilwa, Pate na Lamu, ambazo nazo ni historia za miji zilizoandikwa na watu wa miji hiyo, ila zao zilitoka kwa waungwana, na hii ilitoka kwa waliopika na kufua. Zikisomwa pamoja darasani, Kiswahili cha Yav kisisahihishwe kwanza.